Kisukari na saumu: Usiache sindano kwa sababu huli

Ndugu msomaji, kila Ramadhani inapokaribia, wapo wagonjwa wa kisukari wanaojiambia: "Kwa kuwa mchana sili, sindano ya insulini ya nini?" Hoja hiyo yaonekana ina mantiki, lakini imewafikisha watu hospitali wakiwa hawajitambui.

Nyuma ya tumbo, Mwenyezi Mungu ameweka kiungo kiitwacho kongosho. Kiungo hiki hutia katika damu homoni, yaani wajumbe wanaopeleka amri sehemu mbalimbali za mwili. Wawili kati yao ni insulini na glukagoni. Tukifuturu, sukari hupanda katika damu; insulini huamuru misuli iipokee na ini liweke akiba. Saa kadhaa baada ya daku sukari huanza kushuka, na glukagoni huamuru ini litoe akiba ile. Ndiyo maana mwenye afya hufunga hadi magharibi bila kuzimia.

Lakini hata wakati wa njaa lazima insulini kidogo iwepo, ili amri ya glukagoni isipite kiasi. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana insulini yake, au anayo kidogo mno. Akiacha sindano, ini huendelea kumwaga sukari ingawa hajala kitu. Mwili nao huyeyusha mafuta kwa wingi, na tindikali hujaa katika damu. Dalili zake ni kiu kali, kukojoa sana, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhema kwa nguvu. Asipowahiwa hufa.

Kwa upande mwingine, kuchoma dozi ile ile ya kila siku bila kula huweza kushusha sukari mno: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Kwa hiyo muone daktari wiki sita hivi kabla ya mwezi. Akikuambia usifunge, msikilize; akikuruhusu, atakupangia dozi upya.

Kupima sukari kwa tone la damu ya kidole hakubatilishi saumu, kwa kauli ya wanazuoni wengi. Kipimo kikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.7 (kwa mashine za miligramu, 70 na 300), fungua papo hapo na utafute matibabu.

Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa. Kuitumia ruhusa ya Mola si upungufu wa imani.

Wabillahi tawfiiq.