Mpishi wa Lambaréné

Leo sungura na fisi wapumzike, wajukuu zangu. Nitawasimulia jambo lililotokea kweli, kule Lambaréné, Gabon, kando ya mto Ogooué.

Mwaka 1913 walishuka hapo mume na mke kutoka Ulaya, Albert Schweitzer na Helene. Albert alikuwa mwalimu wa dini na mpiga kinanda cha kanisani aliyesifika, lakini alipofikisha miaka 30 alirudi darasani kusomea udaktari. Alitaka kuwatibu watu wasio na daktari, tena bila mshahara. Helene akasomea uuguzi.

Hospitali? Haikuwepo. Walipata banda la kuku! Wakalisafisha, wakalipaka chokaa, na wagonjwa wakaanza kumiminika: wa malaria, wa malale, wa ukoma, wa ngiri. Paa lilitoboka, kwa hiyo daktari alitibu huku amevaa kofia ya jua.

Sasa fikirini: mgonjwa anaeleza kinachomuuma, na daktari haelewi kitu. Hapo ndipo alipoingia Joseph Azoawani, mwenyeji mjuzi wa lugha nyingi aliyekuwa mpishi. Viungo vya mwili alivijua kwa Kifaransa cha jikoni, basi mgonjwa wa mguu kwake aliumwa paja la kondoo, na wa mgongo aliumwa sarara! Chekeni tu, lakini bila yeye dawa zingebaki kwenye chupa. Ndiye aliyetafsiri, ndiye aliyesaidia wakati wa upasuaji. Wasimulizi wengi humpitia haraka wakimkimbilia daktari, nami naona hiyo ni dhuluma.

Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, fedha ziliadimika. Daktari akapunguza mshahara wa Joseph, naye akaacha kazi. Kwa nini asiache? Aliyejitolea ni Schweitzer. Joseph alikuwa mwajiriwa. Mwaka 1917 Wafaransa, waliokuwa wakiitawala Gabon na kupigana na Ujerumani, waliwapeleka mume na mke kizuizini Ufaransa, kwa kuwa walikuwa raia wa Ujerumani. Daktari aliporudi mwaka 1924 alikuta majengo yamechakaa vibaya. Joseph naye akarudi kazini.

Schweitzer alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1952, akafia Lambaréné mwaka 1965. Wapo waliomlaumu, na hawakukosea, kwa kauli yake kwamba Mwafrika ni ndugu yake, ila ndugu mdogo.

Hospitali ingali inafanya kazi. Watoto wa Lambaréné, pamoja na wenzao wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021.