Dira ya elektroniki: Mwenye boti anunue ipi?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

UNAPOTAJA Dodoma, wengi hukumbuka zabibu, Bunge na upepo wenye vumbi. Ni wachache wanaokumbuka kuwa mpakani mwa mkoa huo na Iringa lipo Bwawa la Mtera, lililojengwa katika Mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya kuzalisha umeme, ambalo leo pia ni tegemeo la wavuvi wa perege na kambale.

Katika bwawa hilo yamo mabaki ya miti iliyokufa baada ya maji kujaa. Mchana nahodha huiona na kuikwepa. Usiku, au upepo unapochafua maji, hutegemea dira. Iwapo dira hiyo imekosea digrii tano tu, safari ya kilomita 10 humfikisha karibu mita 900 kando ya mahali alipokusudia. Umbali huo watosha kabisa kumtoa katika njia salama na kumwingiza katika visiki.

Kwa sababu hiyo, wenye boti Mtera, na hata wakazi wa mijini waliowekeza katika vyombo vya Ziwa Victoria na Tanganyika, hujiuliza kama wanunue dira ya elektroniki na, kama ndiyo, ya aina gani.

Jambo la kwanza la kueleweka ni kwamba GPS si dira. Kifaa cha GPS cha kawaida, kikiwamo kile kilicho ndani ya simu ya mkononi, hujua njia ambayo boti imepita, wala hakijui mbele ya boti kumeelekea wapi. Boti inaposimama, au inaposukumwa kando na upepo, mambo hayo mawili hutofautiana. Rada na usukani unaojiendesha wenyewe huhitaji kujua mbele ya boti kumeelekea wapi, na kazi hiyo ndiyo ya dira ya elektroniki.

Dira hizo zimegawanyika katika makundi makuu manne.

Kundi la kwanza ni dira za flaksigeti, ambazo hupima usumaku wa dunia kwa kutumia nyaya zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma. Ni za teknolojia ya zamani na bei yake si kubwa, lakini aina nyingi huchelewa kutoa usomaji sahihi boti inapogeuka haraka au kuyumba sana.

Kundi la pili ni zile zinazopima usumaku katika pande tatu, zikisaidiwa na vipimo vya mwinamo na vya mzunguko. Zikisawazishwa vizuri, nyingi hufikia usahihi wa digrii moja au mbili, na hutoa usomaji mara kadhaa kwa sekunde.

Kundi la tatu ni dira za setilaiti. Hizi hutumia antena mbili au zaidi zilizotenganishwa kwa umbali maalumu, na hulinganisha jinsi mawimbi ya setilaiti yanavyozifikia. Haziathiriwi na chuma, bali huhitaji anga iliyo wazi, na bei yake ni kubwa zaidi.

La nne ni dira ya jairo, ambayo huitafuta kaskazini halisi kwa kutegemea mzunguko wa dunia. Hiyo ni ya meli kubwa. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, huzitaka meli za tani 500 na zaidi ziwe na dira ya aina hiyo au kifaa kingine kisichotegemea sumaku.

Mahali chombo kinapofanyia kazi nako kuna uzito wake. Katika eneo la Dodoma mistari ya usumaku wa dunia hailali sambamba na ardhi, bali huinama kwa zaidi ya digrii 30. Dira isiyorekebisha mwinamo, boti ikilala upande kwa digrii 10, inaweza kukosea digrii tano au zaidi. Aidha, dira ya kawaida ya sindano iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya inaweza kukwama huku, kwa kuwa sindano huvutwa upande ulio kinyume. Mnunuzi hana budi kuuliza kama kifaa kinafaa kwa nusu ya kusini ya dunia.

Hata hivyo, kifaa bora kikifungwa vibaya huwa hasara. Kinatakiwa kuwa karibu na katikati ya boti, mahali pasipoyumba sana, mbali na injini, betri, spika na nyaya zenye umeme mwingi. Skrubu ziwe za shaba, au za metali nyingine isiyovutwa na sumaku. Baada ya hapo boti izungushwe polepole katika maji matulivu ili dira ijifunze usumaku wa chombo chenyewe, kisha ilinganishwe na alama zinazojulikana nchi kavu. Kazi hiyo irudiwe kila inapobadilishwa injini au kuongezwa kifaa cha chuma.

Kabla ya kulipa fedha, mnunuzi ahakikishe pia kuwa kifaa kinazungumza lugha moja na vifaa vingine vilivyomo botini. Viwango vinavyotumika sana ni NMEA 0183 na NMEA 2000, na viwili hivyo haviunganishwi moja kwa moja bila kifaa cha kutafsiri.

Basi, achague ipi? Mvuvi wa mtumbwi asiye na rada wala usukani unaojiendesha hana haja ya dira ya elektroniki. Dira nzuri ya kawaida, taa na jaketi la kuokolea maisha ni matumizi bora zaidi ya fedha zake. Boti ya mbao au ya faibaglasi yenye rada itatosheka na kundi la pili. Chombo chenye mwili wa chuma, hususan kinachobeba abiria, kinastahili dira ya setilaiti.

Kwa vyovyote vile, dira ya kawaida isiondolewe. Betri ikiisha katikati ya maji usiku, ndiyo pekee itakayoendelea kuonyesha kaskazini.