Nukta Mbili za Ye: Kuchonga Maandishi kwa Mashine

Siku hizi baadhi ya vijana mafundi seremala wanatumia mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, nayo yatosha kuwekwa juu ya meza. Kijana mmoja wa hapa kwetu Kwamndolwa, Korogwe, alituchongea ubao wa Bismillahi wa kutundika juu ya mlango wa chuo. Kwa mbali ulipendeza mno. Nilipoukaribia niliona kwamba katika neno la mwisho, Rahimi, nukta mbili za herufi ye zimeungana zikawa shimo moja. Na kila mtoto wa chuo ajua kwamba umbo hilo likiwa na nukta moja chini si ye tena, bali ni be.

Kijana hakuwa mzembe. Alidhani mashine haikosei.

Kuchonga maandishi ya Kiarabu ni kazi ya kale pwani kwetu. Katika mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yamo maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe. Kadhalika milango mingi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ina maandishi katika kizingiti cha juu. Mchongaji aliyeshika patasi na nyundo, akiwa ajua kusoma, husita kabla ya kuubomoa ukuta mwembamba ulio kati ya nukta na nukta. Mashine haisomi, hufuata vipimo ilivyopewa.

Basi kosa lilitoka wapi? Kisu cha mashine hii ni jino dogo lizungukalo, lililochongoka mfano wa ncha ya penseli. Likishuka kidogo hukata mfereji mwembamba. Likizama zaidi mfereji hupanuka. Jino la pembe ya nyuzi 90 hukata upana ulio mara mbili ya kina: kina cha milimita 3, upana wa milimita 6. Sasa ubao ukiwa umebenuka juu milimita 1 tu, kila nukta mahali hapo hunenepa kwa milimita 2, na nukta zilizoachiwa nafasi ya milimita 2 hukutana. Ubao wetu ulikuwa umebenuka upande mmoja, nao ndio upande wa neno lile.

Kwa hiyo usafi wa kazi hii huanza kabla mashine haijawashwa. Ubao upigwe randa mpaka ulingane, ubanwe imara, kisha ncha ya jino ipimwe juu yake katika pembe zote nne na katikati. Kwa maandishi madogo ni afadhali jino la nyuzi 60, kwani kosa la milimita 1 hupanua mfereji kwa milimita 1 na kidogo tu. Na liwe kali! Jino butu halikati nyuzi za mti, huzichana, na mfereji ukabaki na manyoya.

Mti nao una sehemu yake. Msonobari ni laini na huchanika upesi. Mninga na mvule, zikiwa mbao kavu khasa, hutoa ukingo safi zaidi. Wengine hupaka vanishi nyepesi kabla ya kuchonga, ikakauka, ili nyuzi za juu zishikamane. Kisha mashine ipite mara mbili: mara ya kwanza iache kama robo ya milimita, mara ya pili iparuze hiyo iliyobaki. Vumbi litolewe kwa brashi, si kwa msasa, maana msasa huviringisha kingo na kuharibu khati. Fundi asisahau kuziba pua na mdomo. Vumbi la mbao ni adui wa mapafu.

La mwisho tulilokubaliana na kijana ni kwamba achonge kwanza katika kipande cha ubao wa mti ule ule, si neno lolote, bali lile lenye nukta nyingi, akilete chuoni tukisome kwa sauti.

Ubao wa kwanza hatukuutupa wala kuutia jikoni. Aliupiga randa mpaka maandishi yote yakaondoka, takataka zake tukazifukia mahali pasipokanyagwa, na juu ya ubao huo huo, uliokuwa sasa umenyooka, akachonga upya.