Mtoto Akiumia Uwanjani, Nani Atamtoa?



Saa kumi jioni ikifika, katika vijiji vingi vya Karatu na Ngorongoro utaona watoto wakikimbilia uwanjani. Wengine wamevaa viatu. Wengine wako pekupeku. Mpira wenyewe pengine ni wa dukani, pengine ni wa matambara yaliyofungwa kwa kamba. Siku moja mtoto wako atarudi nyumbani na kusema, "Baba, nimeandikishwa katika timu ya vijana. Kocha anataka ruhusa yako."

Utamjibu nini? Wako wazazi wanaosema "Nenda," bila kuuliza neno. Wako wanaosema "Hapana, mpira ni uhuni." Majibu yote mawili yana kasoro. Mzazi mwenye busara huuliza kwanza, ndipo hujibu. Leo tuzungumze juu ya mambo ya kuuliza.

MICHEZO NI AFYA

Mtoto anayecheza hupata nguvu. Moyo na mapafu yake hufanya kazi vizuri. Mifupa yake hukomaa. Hulala vizuri usiku. Hujifunza kutii kanuni na kushirikiana na wenzake.

Sehemu zetu zimetoa wanamichezo wakubwa. Filbert Bayi ni mzaliwa wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na mtu duniani aliyekimbia mbio hizo upesi kiasi hicho.

Wasichana nao wanaweza. Mwaka 2022 timu yetu ya Taifa ya wasichana wa chini ya miaka 17 ilicheza Kombe la Dunia huko India. Ilifika robo fainali. Kwa hiyo binti yako akiomba ruhusa, naye asikilizwe.

KUJIKAZA KUNA MPAKA

Wengi tunamkumbuka John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mwaka 1968 alikimbia mbio ndefu za marathoni katika Michezo ya Olimpiki, mjini Mexico. Njiani alianguka, akaumia goti. Alifungwa bandeji, akaendelea. Alifika wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Watu walimshangilia kwa sababu hakukata tamaa.

Habari hiyo ni fahari yetu. Lakini tusiitumie vibaya. Akhwari alikuwa mtu mzima, na aliamua mwenyewe. Mtoto wa miaka 12 hajui kupima hatari. Akiambiwa, "Jikaze, usiwe mwoga," atajikaza hata kama ameumia vibaya. Ataficha maumivu ili asichekwe. Ataficha ili asiondolewe katika timu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: Mtoto akiumia, nani ana amri ya kumtoa uwanjani? Kocha anataka kushinda. Watazamaji wanapiga kelele. Ni vizuri kijiji kichague mtu mzima mmoja asiye kocha, akae kando ya uwanja. Kazi yake iwe moja tu: kuangalia watoto. Akisema, "Mtoto huyu atoke," atoke. Pasiwe na mabishano.

KICHWA KIKIGONGWA

Watoto wawili wanarukia mpira mmoja. Vichwa vinagongana. Mmoja anaanguka, kisha anainuka na kutaka kuendelea. Damu haionekani. Je, ni mzima?

Huenda siyo. Ubongo unaweza kutikisika ndani ya kichwa bila jeraha lolote nje. Dalili zake ni hizi: kichwa kinauma, anaona kizunguzungu, anaona ukungu, anahisi kichefuchefu, hajui timu yake imefunga mabao mangapi, au anajibu polepole kama mtu aliyetoka usingizini.

Mtoto mwenye dalili hata moja atoke, na siku hiyo asirudi uwanjani kabisa. Akigongwa mara ya pili kabla ubongo haujapona, anaweza kufa. Apumzike nyumbani. Asirudi kucheza mpaka majuma mawili yapite tangu dalili zote zilipokwisha, na mhudumu wa afya awe amemruhusu.

Mpeleke hospitali upesi ukiona amezimia, anatapika mara kwa mara, ameshikwa na degedege, mkono au mguu umelegea, au damu au maji yanatoka puani au masikioni. Usingoje asubuhi.

KIDONDA KIDOGO, UGONJWA MKUBWA

Viwanja vyetu vingi ndipo ng'ombe, mbuzi na punda wanapopita na kulisha. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Mtoto akichunika goti au akichomwa na mwiba, vijidudu hivyo vinaweza kuingia mwilini. Siku chache baadaye, hata majuma mawili au matatu, taya zinakaza. Mtoto hawezi kufungua kinywa. Shingo na mgongo vinakakamaa. Wengi wanaopata ugonjwa huu hufa.

Kinga yake ni chanjo. Mtoto huchanjwa akiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Lakini nguvu ya chanjo hupungua miaka inavyopita. Kabla mtoto hajaanza kucheza, chukua kadi yake ya kliniki uende zahanati. Uliza kama anahitaji chanjo nyingine. Kama kadi imepotea, sema hivyo. Usione haya.

Mtoto akipata jeraha, lioshe mara moja kwa maji safi mengi na sabuni. Lifunike kwa kitambaa safi. Usipake mavi ya ng'ombe, udongo, majivu wala majani. Jeraha likiwa na kina, au likiwa na uchafu, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Mkono au mguu ukivimba sana au ukipinda, usiuvute wala kuukanda. Ufunge kwenye ubao au kijiti kilichonyooka ili usitikisike. Kisha mpeleke mtoto hospitali.

MAJI, CHAKULA NA NGUO

Mtoto asicheze na njaa. Kabla ya mazoezi apate uji au chakula chepesi. Baadaye ale chakula cha kujenga mwili, kama makande yenye maharage, maziwa au mayai.

Kila mtoto aende na maji yake yaliyochemshwa. Wasinywe maji ya bwawa wanakonywa mifugo. Nyanda za juu kuna baridi, hasa mwezi wa Juni na Julai. Mtoto aliyetoka jasho avae sweta mara mchezo unapokwisha.

Kama mtoto ana homa, asicheze siku hiyo. Kama ana pumu, kifafa, siko seli au ugonjwa wa moyo, muulize daktari kwanza, kisha mweleze kocha. Kuficha ugonjwa ni kumhatarisha mtoto.

KWENDA NA KURUDI

Hatari nyingine iko njiani. Wanaoishi karibu na msitu, kama watu wa Rhotia na Oldeani, wanawajua nyati na tembo. Wanyama hawa hutembea sana jioni na usiku. Mazoezi yaishe mapema, ili mtoto anayetoka mbali afike nyumbani kabla ya giza. Watoto warudi kwa makundi, pamoja na mtu mzima.

Siku ya mechi ya ugenini, uliza wanasafiri kwa gari gani. Watoto wasirundikwe nyuma ya lori au juu ya mizigo. Barabara inayopanda kutoka lango la Lodoare kwenda ukingo wa kreta ina kona nyingi, na mara nyingi kuna ukungu. Mechi yoyote inaweza kuahirishwa. Maisha ya mtoto hayarudi.

MJUE ANAYEKAA NA MTOTO WAKO

Mfahamu kocha. Jua anatoka wapi na nani anamdhamini. Kocha mwema hafichi mambo kwa wazazi. Mtoto asiitwe peke yake nyumbani kwa kocha, wala asilale huko. Timu ya wasichana iwe na mwanamke mtu mzima wa kuongozana nayo kila mahali, na wasichana wawe na choo na mahali pa kubadilishia nguo.

Mwambie mtoto wako kwamba mtu akimshika vibaya au akimtisha, aje akuambie, na wewe hutamgombeza. Kisha toa taarifa polisi, ustawi wa jamii au serikali ya kijiji. Piko pia simu ya bure ya kusaidia watoto, namba 116.

TUKUTANE KABLA YA MPIRA KUANZA

Ndugu wazazi, mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mkutano mmoja. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Nasi tukae hivyo hivyo. Kabla timu haijaanza, wazazi, kocha, mwalimu na mhudumu wa afya wakutane. Waulizane maswali haya:

1. Nani atawaangalia watoto na kumtoa aliyeumia?
2. Sabuni, maji safi na vitambaa vya kufungia majeraha viko wapi?
3. Hospitali iko umbali gani, na gari litapatikana kwa nani?
4. Je, watoto wa umri mmoja wanacheza pamoja, au wadogo wanachanganywa na wakubwa?
5. Je, uwanja umeondolewa mawe, miiba na chupa? Milingoti ya goli imechimbiwa vizuri?
6. Mazoezi yanaisha saa ngapi, na nani atawarudisha watoto nyumbani?

Majibu yakiwa mazuri, mpe mtoto ruhusa kwa moyo mweupe. Na wewe mwenyewe nenda siku moja ukamtazame akicheza. Akianguka na kuinuka akichechemea, usimpigie kelele aendelee. Mwite atoke. Goli litafungwa siku nyingine.