Unamtaka kanga wa porini kwa kitoweo? Soma hii kwanza

Mahindi yakishavunwa, kundi la kanga likashuka shambani kuokota punje, mwenye njaa haoni ndege, anaona mchuzi. Ndege mnene, anatembea chini kama kuku, na hana mwenyewe. Kwa watu wa Kabasa, Kunzugu na vijiji vingine vya Bunda na Butiama, hapo ndipo mikasa inapoanzia.

"Si ardhi ya umma hii?"

Ni kweli, ardhi yote Tanzania ni ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini. Sheria za ardhi za 1999 zinaigawa mafungu matatu: ardhi ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Lakini ardhi kuwa ya umma haina maana kwamba kila kinachotembea juu yake ni cha kuokota.

Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, mnyamapori ni mali ya umma popote alipo, na ndege naye yumo. Kanga anayedonoa ndani ya shamba lako bado si wako. Kumwinda kunahitaji leseni, nayo hutaja ni mnyama gani, wangapi na eneo lipi.

Wengi wakisikia "nyara za serikali" wanafikiria meno ya tembo. Kumbe nyama, manyoya, hata mayai ya ndege wa porini yanaweza kukuingiza humo humo. Na kesi za nyara mara nyingi husomwa kama uhujumu uchumi. Sufuria moja ya mchuzi, mwaka mzima wa kwenda na kurudi mahakamani.

Anakimbia, unamfuata, umeshavuka

Kanga hapendi kuruka. Akishtuka anakimbia, anasimama mbele kidogo, anakuangalia, anakimbia tena. Unajisemea "huyu nishampata", kumbe anakuvuta.

Bunda hilo ni hatari. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti upande wa magharibi inasogea hadi karibu na Ziwa Victoria, na Lango la Ndabaka liko kando kabisa ya barabara ya Mwanza–Musoma. Kuna pia Pori la Akiba la Grumeti. Usitegemee kukuta ukuta. Mtu aliyekaza macho kwa ndege anaweza kuvuka bila kujua. Kuingia bila kibali ni kosa, na kukutwa na silaha humo ndani ni kosa jingine. "Nilikuwa nafuata kanga" si utetezi.

Usiku ndio mbaya zaidi

Giza likiingia kanga hupanda kulala mtini, na wajanja huwafuata na tochi. Kwanza, kuwinda kwa taa sheria imekataza, sawa na kutumia sumu, nyavu na mitego ya nyaya. Pili, usiku si wa kanga peke yake. Kiboko hutoka ziwani kula majani, na tembo hutoka hifadhini kwenda mashambani. Chini kwenye nyasi kuna kifutu, nyoka asiyekimbia ukimkaribia. Anatulia tu mpaka umkanyage.

Mtego wa waya nao hauchagui, leo kanga, kesho mbuzi wa jirani. Nafaka iliyotiwa dawa ya shambani ni balaa zaidi. Sumu haiishii kwa ndege, inapita na nyama hadi kwenye sahani ya mtoto.

Hata wenye leseni hupata ajali

Marekani, kuwinda bata mzinga kwenye ardhi ya umma ni jambo la kawaida kwa mwenye leseni. Mwindaji hujificha na kuiga sauti ya jike ili dume lije. Shida ni kwamba mwindaji mwingine naye anaisikia. Wawili wanaweza kunyatiana kila mmoja akidhani mwenzake ni ndege, na watu wamepigwa risasi hivyo. Ndiyo maana huonywa wasivae nyekundu, nyeupe wala bluu, rangi za kichwa cha dume. Somo ni lile lile kwa mwenye bunduki halali huku kwetu: usifyatue kwa sababu majani yamecheza.

Kwale naye ana siri yake

Akikosekana kanga, watu hugeukia kwale. Hapo kuna jambo wengi hatulijui: kwale mwenye kifua cha kijivu hapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Yuko Tanzania tu, upande huu wa Serengeti na maeneo yanayoizunguka. Akiisha hapa, ameisha kabisa.

Sasa ufanyeje?

Kanga ana hasara yake, maana hufukua mbegu mpya. Wiki za kwanza baada ya kupanda, weka mtu wa kupiga debe alfajiri na jioni. Baada ya hapo ana faida, anakula panzi na kupe. Ukitaka kuwinda, anzia kwa afisa wanyamapori wa halmashauri au ofisi ya TAWA, na bunduki iwe na leseni yake.

Ukitaka nyama tu, fuga. Nunua mayai au vifaranga kwa mfugaji, usiokote mayai porini. Na kama utamlalia kuku mayai ya kanga, usichanganye na ya kwake. Ya kuku huanguliwa siku ya 21, ya kanga huchukua siku 26 hadi 28. Vifaranga wa kuku wakitoka, mama ananyanyuka nao, na mayai ya kanga yanabaki yanapoa.