Kisahani chenye namba, gunia lisilo na jina



Katika mazungumzo na familia zilizokimbia makwao, swali moja hurudi mara kwa mara: koltani inayotoka katika vilima vyetu huenda kufanya nini ng'ambo? Jibu tulilozoea ni neno moja tu: simu. Safari hii tungependa kuingia pamoja nanyi ndani ya kiwanda, tuone jinsi vitu vinavyolindwa huko. Kuna jambo la kujifunza kwa ajili ya amani yetu.

Ndani ya kiwanda

Ubongo wa simu ni kipande kidogo kiitwacho chipu. Chipu hazitengenezwi moja moja. Mamia hutengenezwa pamoja juu ya sahani ya silikoni, mviringo, nyembamba, inayong'aa kama kioo. Wenye kazi huiita weifa. Sisi tutaiita kisahani. Katika viwanda vikubwa kina upana wa milimita 300, na unene wake haufiki milimita 1. Njia za umeme zinazochorwa juu yake ni nyembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara. Kwa hiyo chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kuharibu chipu.

Adui wa kwanza, basi, ni vumbi. Zamani wafanyakazi walifagia na kufuta usiku na mchana, lakini vumbi halikwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Willis Whitfield, mtoto wa mkulima wa pamba aliyefanya kazi katika maabara ya Sandia nchini Marekani, alipata njia nyepesi. Hewa iliyochujwa ishuke kutoka darini bila kukoma, itoke kupitia sakafuni, na kuondoka na vumbi. Chumba chake kilikuwa safi mara 1,000 kuliko vilivyokuwepo, hata wengine hawakuamini vipimo. Hospitali nazo zilichukua njia hiyo kwa vyumba vya upasuaji.

Uvumbuzi wa pili ni sanduku. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa kampuni ya Hewlett-Packard waliona kwamba si lazima kulinda chumba kizima kwa kiwango kilekile. Afadhali kufunga visahani ndani ya sanduku safi. Leo sanduku moja hubeba visahani 25. Husafiri likining'inia kwenye reli chini ya dari, hujifungua kwenye mlango wa mashine, na mkono wa mashine huchukua kisahani kimoja kimoja. Mkono wa mtu haugusi.

Maji yasiyo na kitu

Adui mwingine ni uchafu unaoshika kwenye kisahani chenyewe. Mwaka 1965 Werner Kern, mkemia wa kampuni ya RCA huko Marekani, alipanga namna ya kuosha ambayo bado ni msingi wa kazi hii. Bafu la kwanza lina maji, amonia na peroksidi ya hidrojeni. Huondoa chembe na mafuta. La pili lina maji, asidi ya hidrokloriki na peroksidi ileile. Huondoa mabaki ya metali. Kisha kisahani husuuzwa.

Maji ya kusuuza si kama yale tunayochota kwenye bidoni. Yamechujwa tena na tena mpaka chumvi na vijidudu karibu vyote vimetoka. Hata kukausha kuna ufundi. Mnajua sahani iliyooshwa ikiachwa juani hubaki na madoa. Ndiyo maana kisahani huzungushwa kwa kasi maji yaruke, au hukaushwa kwa mvuke wa alkoholi.

Maji hayo hufanya hata kazi ya kioo. Mwaka 2002 Burn-Jeng Lin, wa kampuni ya TSMC huko Taiwan, alisisitiza maji yawekwe kati ya lenzi na kisahani, ili mwanga uchore mistari midogo zaidi. Njia hiyo ilikubaliwa, nayo hudai maji yasiyo na povu hata kidogo.

Na vilima vyetu?

Koltani ikisafishwa hutoa tantali. Matumizi yake yanayojulikana sana ni vifaa vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Lakini imo pia ndani ya chipu. Tangu viwanda vilipoanza kutumia njia za shaba mwishoni mwa miaka ya 1990, utando mwembamba wa tantali huwekwa kama ukuta, shaba isipenye kwenye silikoni.

Sasa tutazame tofauti. Kila kisahani kimechongwa namba yake. Kikipata kasoro, wenye kiwanda wanaweza kujua kilipita mashine gani, siku gani, katika bafu gani. Gunia la koltani je? Likishayeyushwa pamoja na mengine, hakuna awezaye kutazama tantali na kusema hii ilitoka mlima huu, ile mlima ule. Ukweli hulindwa kabla ya kuchanganya, au hupotea kabisa.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iliyataka makampuni kuchunguza asili ya madini haya. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2017 ilianza kuwabana waagizaji mwaka 2021. Magunia yalifungwa vibandiko vyenye namba. Hata hivyo, mwishoni mwa 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kwamba koltani ya Rubaya, katika Masisi, ilivushwa mpaka kwa magendo na kuchanganywa na madini ya Rwanda.

Tunakumbuka pia Septemba 2010, serikali ilipofunga uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Wachimbaji wengi walikosa riziki. Kwa hiyo hatusemi madini yakataliwe. Tunasema gunia lipewe heshima ya kisahani: namba ya kweli, daftari la kweli, mashahidi.

Kwenu viongozi: mahali penye usalama, ombeni wawakilishi wa kijiji, wanawake wakiwemo, wawepo gunia linapopimwa na kufungwa. Kibandiko kisiuzwe. Mahali penye silaha, msimtume mtu kupeleleza. Hakuna daftari linalozidi uhai.

Watu walioweza kulinda maji yasiingie hata povu hawawezi kutuambia kwamba kulinda gunia ni kazi isiyowezekana.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika eneo letu, gunia hupoteza asili yake wapi?
2. Nani anaweza kuwa shahidi bila kuhatarisha maisha yake?
3. Tukirudi nyumbani, tutakubaliana vipi juu ya mlima wenye madini kabla ugomvi haujaanza?