Maji ni neema ya Allah, malipo yake yawe ya haki

SIFA zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, anayeteremsha mvua na kuihuisha ardhi iliyokufa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake.

Ndugu msomaji, bili ya maji inapofika nyumbani, aghalabu huzuka swali: maji ameyaumba Mwenyezi Mungu, iweje binadamu atutoze fedha? Swali hili si la kupuuzwa, kwani lina mizizi katika dini yetu.

Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Vile vile ametuonya juu ya mtu mwenye maji ya ziada anayemnyima msafiri. Huyo ni miongoni mwa watu ambao Allah hatawatazama kwa jicho la rehema Siku ya Kiyama. Hata hivyo, wanazuoni wengi wamebainisha kwamba aliyeyachota maji na kuyabeba katika chombo chake anaweza kuyauza, kama anavyouza kuni aliyezikata mwituni. Anachostahiki malipo ni kazi yake. Mto, mvua na chemchemi havina bei. Bomba, pampu na jasho la fundi vina gharama.

Kisima cha Ruma

Waislamu walipohamia Madina walikuta kisima cha Ruma, chenye maji matamu, kikimilikiwa na mtu aliyekuwa akiyauza. Maskini walitaabika. Mtume (S.A.W.) hakuamuru kisima kiporwe. Aliwahimiza masahaba wakinunue, na kuahidi malipo bora Peponi. Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) akakinunua kwa mali yake, akakifanya wakfu, na ndoo yake ikawa sawa na ndoo ya Muislamu mwingine yeyote.

Tuzingatie jambo hili, ndugu zangu. Gharama ya kisima haikufutwa, bali ilihamishwa kutoka mabega ya dhaifu kwenda mabega ya mwenye uwezo. Hapa ndipo ulipo msingi wa malipo ya haki.

Funzo kutoka Zanzibar

Zanzibar imeliishi suala hili kwa muda mrefu. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya chemchemi kwa mabomba. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wananchi walipewa maji bila malipo kwa miongo mingi. Lakini idadi ya watu iliongezeka, mabomba yakachakaa, na visima vikategemea pampu za umeme. Mwaka 2008 umeme kutoka Tanzania Bara ulipokatika Unguja kwa takriban mwezi mmoja, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, mifereji ilikauka. Ikadhihirika kwamba maji ya bure yasiyofika nyumbani huwa ghali kuliko ya kulipia, kwa sababu asiye na mfereji hununua kwa dumu, na bei ya dumu haimhurumii mjane wala yatima.

Sheria ya Maji ya mwaka 2006 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA), na wananchi wakatakiwa kuchangia huduma. Kuchangia si dhulma. Dhulma huingia pale asiye na kitu anaponyimwa maji ya kunywa na kutawadha.

Mnamo Julai 28, 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kuwa maji safi ni haki ya binadamu. Nchi 122 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 41, Tanzania na Kenya zikiwemo, hazikuelemea upande wowote. Mwezi uliofuata, Kenya iliiandika haki hiyo katika Katiba yake mpya. Haki hii haimaanishi maji yawe bure kwa kila mtu. Maana yake ni kwamba bei isimzuie yeyote kupata ya kumtosha.

Ya kumtosha ni kiasi gani? Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni lita 50 hadi 100 kwa mtu mmoja kwa siku. Familia ya watu sita, kwa kipimo cha chini, inahitaji lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20. Kwa mwezi ni uniti tisa. Basi uniti za mwanzo ziwe nafuu, na anayemwagilia bustani na kujaza bwawa la kuogelea alipe zaidi kwa ziada yake.

Lakini utaratibu huu una mtego. Nyumba ya wapangaji yenye familia tano na mita moja husomeka kama nyumba ya tajiri mmoja mbadhirifu. Wanaopanga viwango vya bei hawana budi kuliangalia hilo. Na mwenye nyumba anayewagawia wapangaji bili na kujiongezea chochote kwa siri, ajue kuwa amekula amana.

Wajibu wetu

Sisi nasi tujihoji. Kuchezea mita au kujiunganishia bomba kwa siri ni wizi, na gharama yake huangukia majirani. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi, naye ndiye kiongozi wa umma. Mwenye uwezo alipe kwa wakati, na akiona jirani yake amekatiwa maji kwa kukosa fedha, amfungulie mfereji wake au amlipie deni. Ruma ya leo yaweza kuwa bili ya mwezi mmoja ya mama mjane wa nyumba ya pili.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa wenye kushukuru neema zake na kuwahurumia waja wake. Amin.